Tunamwogopa Fuko, Sumu Hatuiogopi!

Mlioniandikia kuuliza nimepotelea wapi, jibu ni kwamba nilikuwa nyumbani Arusha, likizo ya wiki mbili, na sehemu kubwa ya likizo hiyo niliitumia kugombana na watu ninaowaheshimu kwa ajili ya mnyama mwenye uzito wa robo kilo. Cheka, lakini cheka ukimaliza kusoma.

Nyuma ya nyumba yetu kuna uani. Si shamba, ni uani tu: migomba michache, tuta la viazi vitamu vya Mama, mchicha, kamba ya kuanikia nguo, na mkeka ambao mtoto wa dada yangu, anayeanza kutambaa, huwekwa juu yake asubuhi jua likichomoza. Udongo wa huku chini ya Mlima Meru ni mweusi na mlaini, na fuko wanaupenda kama tunavyoupenda sisi. Mwaka huu fuko aliingia. Unaamka unakuta vichuguu vya udongo mbichi vimejipanga kama mtu alipita usiku na jembe. Unavuta shina la kiazi, linakuja lenyewe, chini hakuna kitu. Mgomba mmoja uliokuwa na mkungu mzuri tu ulilala chini bila upepo, mizizi imeliwa yote.

Mama alikasirika, na ana haki. Viazi vile ni kifungua kinywa cha watu watano.

Jumamosi baba mdogo akaja na kopo dogo la bati mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hii ndiyo kiboko yao. Vinne kila shimo, unaziba na udongo, kesho umesahau habari ya fuko."

Nikalisoma lile kopo. "Baba mdogo, hivi si vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani?"

"Ndivyo hivyo hivyo. Vinaua dumuzi, vitashindwa fuko?"

Shimo alilotaka kuanza nalo lilikuwa hatua tatu kutoka dirisha la chumba anacholala dada na mwanawe.

Sasa hapa ndipo nilipopata taabu. Kwetu kijana hamwambii baba yake mdogo "hapana", hasa mbele ya mama yake. Nilizunguka kwa maneno, nikaomba tusubiri kidogo, nikasema labda mvua inakuja. Mama akacheka akasema msomi wetu anamwonea fuko huruma. Dada, ambaye ana shahada kama mimi, akasema jamani, si watu wote wanatumia tu? Ndiyo maana naandika. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili waliomaliza chuo kikuu, na aliyesoma maandishi ya kopo alikuwa mmoja, tena kwa sababu tu kazi yake ni kusoma vitu vilivyoandikwa kwa herufi ndogo.

Haya, tuelezane. Ndani ya vidonge vile mna aluminiamu fosfaidi. Havimwui mdudu kwa kuliwa. Vikikutana na unyevu, hata wa hewani, hutoa gesi inayoitwa fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua: dumuzi, panya, fuko, mbuzi, mtu. Haichagui. Kidonge kimoja cha gramu 3 hutoa gesi hiyo gramu 1. Fanya hesabu ya kidato cha nne: gramu 1 ya fosfini ni karibu robo tatu ya lita. Ichanganye na hewa ya chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya kawaida, utapata kama sehemu 30 za gesi katika kila sehemu milioni za hewa. Marekani kiwango ambacho mfanyakazi haruhusiwi kukizidi kwa wastani wa siku ya kazi ni sehemu 0.3. Kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha ni 50. Hapo tunazungumzia kidonge kimoja, na baba mdogo alisema vinne kila shimo, na mashimo yalikuwa sita.

Najua utakalosema: gesi yote haiwezi kuingia chumbani. Kweli, nyingi itabaki udongoni. Lakini fikiria handaki la fuko ni kitu gani. Ni bomba. Limechimbwa kwa ustadi na linakwenda mahali usipopajua, chini ya tuta, chini ya njia, pengine hadi kwenye msingi wa nyumba, na sakafu zetu za saruji zina nyufa ambazo siafu wanazijua vizuri kuliko fundi aliyejenga. Unaziba mdomo wa bomba upande wa nje kisha unajiaminisha kwamba gesi itakaa palepale ikimsubiri fuko! Mwezi wa saba Arusha kuna baridi, watu wanalala madirisha yamefungwa. Na wanaosema "ukisikia harufu unatoka" wakumbuke kwamba harufu ya fosfini, ile ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, huwezi kuitegemea ikuamshe usingizini. Akishaivuta mtu, hospitali itamsaidia kupumua na itapigania moyo wake, lakini dawa ya kuiua sumu yenyewe haipo.

Hii si hofu ya kitabuni. Marekani hawana fuko wetu, lakini wana mnyama wao aitwaye gopher, mwenye tabia zilezile za kuchimba, kula mizizi na kurundika udongo juu ya majani ya watu, na wana mwingine mdogo aitwaye vole. Mapambano ya uani wanayajua. Februari 2010, katika mji wa Layton, jimbo la Utah, fundi wa kampuni ya kuua wadudu na wanyama waharibifu aliweka vidonge vya aina hii kwenye mashimo ya vole karibu na nyumba ya familia moja. Gesi ikaingia ndani. Watoto wawili wa kike wa familia hiyo walikufa, mmoja ana miaka 4, mwingine miezi 15. Huyo alikuwa fundi mwenye leseni, katika nchi ambayo kopo linakuja na kijitabu cha maelekezo. Mwaka huohuo shirika la serikali yao la kulinda mazingira likapiga marufuku kuweka vidonge hivi kwenye mashimo karibu na makazi ya watu, shule, hospitali na vituo vya kulelea watoto. Mahali pengine panaporuhusiwa, umbali kutoka jengo lenye watu ukaongezwa kutoka futi 15 hadi futi 100, yaani karibu mita 30. Uani kwetu kutoka ukuta hadi ua wa jirani hauna mita 30.

Na kama hiyo haitoshi, Januari 2017, mji wa Amarillo, Texas, vidonge viliwekwa chini ya nyumba kuua panya. Mtu wa familia akaona heri avisafishe, akamwagia maji. Maji ndiyo yanayoamsha gesi. Watoto wanne wa nyumba moja walikufa.

Nilimsomea baba mdogo habari hizi kwenye simu. Akanisikiliza vizuri, akasema: "Hao ni Wazungu, nyumba zao zimefungwa kama friji. Sisi tumetumia miaka yote."

Hoja ya "tumetumia miaka yote" nimechoka nayo, na nichoke zaidi kwa sababu mimi ni mwandishi wa habari na najua waliopata matatizo hawapo pale barazani kuja kuipinga. Nitakiri jambo. Nimewahi kuandika habari ya mtoto aliyekufa kwa sumu ya panya. Aya nne, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo. "Baada ya kula chakula kinachodhaniwa kuwa na sumu ya panya." Nikamnukuu afisa mmoja akiwataka wazazi kuwa makini, nikafunga kompyuta nikaenda kula. Sikuuliza ilikuwa sumu gani. Sikuuliza ilinunuliwa wapi, kwa nani, imefungwa kwenye nini. Mhariri naye hakuuliza. Tuna kipimo chetu gazetini: mbunge akitukanwa ni ukurasa wa mbele, mtoto akila chambo ni aya nne na lawama kwa mama.

Maana yake ni kwamba "sumu ya panya" imekuwa kama jina la kitu kimoja, kama vile chumvi. Si kitu kimoja! Na hili ndilo ningependa vijana wa mjini mnaonisoma mlielewe hata kama hamtakumbuka kingine chochote. Mnajua yule jamaa anayepita na kipaza sauti, rekodi inazunguka tangu asubuhi: panya, mende, kunguni, viroboto, wote dawa ipo. Unatoa noti, unapewa kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo, ndani mna punje nyeusi au unga wa kijivu. Hakina jina. Hakina namba ya usajili. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inataka kiuatilifu kisajiliwe kabla ya kuuzwa, na mamlaka inayosajili, TPHPA, makao yake yako hapahapa Arusha. Kifuko cha nailoni hakijawahi kupita huko. Kinaweza kuwa zinki fosfaidi, ambayo ikikutana na asidi ya tumboni hutoa fosfini ileile ya vidonge vya ghala. Kinaweza kuwa sumu ya kuzuia damu isigande, inayoua polepole kwa siku kadhaa. Kinaweza kuwa sumu kali ya shambani kama aldicarb, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika daraja la hatari ya juu kabisa, na ambayo Afrika Kusini mitaani wanaiita "two step", hatua mbili, kwa sababu mbwa akiila anapiga hatua mbili tu.

Sasa mtoto ameokota akatia mdomoni. Umemkimbiza hospitali. Daktari atakuuliza swali moja: amekula nini? Kama ni ya kuzuia damu kuganda, kuna vitamini K, na kuna muda. Kama ni aldicarb, kuna atropini, na inahitajika sasa hivi. Kama ni fosfaidi, hakuna dawa ya kuiua sumu, kuna kupambana na dalili tu. Matibabu matatu tofauti, na wewe umeshika mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Unasema "sumu ya panya, daktari". Hujamwambia kitu. Na tafadhali, maziwa si dawa ya mambo haya, acheni kupoteza dakika kumi mkitafuta maziwa kwa jirani.

Oktoba 2024 watoto sita walikufa Naledi, Soweto. Uchunguzi ulikuta terbufos, sumu ya kilimo ambayo haikutakiwa kufika majumbani, lakini mitaani inauzwa kuulia panya. Rais Ramaphosa alilihutubia taifa zima kwa ajili ya vifo vya watoto vya namna hiyo. Na sisi tunayo mitaa ileile, panya walewale na vifuko vilevile.

Nirudi kwa fuko, kwa maana kuna mtu ameshasema moyoni kwamba nimechanganya panya na fuko. Hapana, waliochanganya ni wale wanaomwekea fuko chambo cha panya. Panya anatoka, anazurura, anaonja chakula chako. Fuko hatoki kuja jikoni. Chakula chake kimemzunguka chini kwa chini, kibichi, kitamu, umekipanda mwenyewe. Ukimtumbukizia mahindi yenye sumu, anaweza kuyapita, au akayasukuma nje pamoja na udongo kama anavyosukuma taka nyingine. Sasa chambo kiko juu ya ardhi, kwenye uani, asubuhi, jua linachomoza, na mkeka umeshatandikwa.

Kisha kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua mpaka likizo hii. Fuko wetu wa nyanda za juu anaishi peke yake. Handaki moja, fuko mmoja, isipokuwa mama mwenye mtoto au wawili. Vichuguu vyote vile ishirini na kitu, ambavyo vilimfanya Mama aseme "wametuvamia", vilikuwa kazi ya mnyama mmoja. Tulikuwa tayari kuzika vidonge 24 vya gesi ya kuua kwa sababu ya kiumbe kimoja chenye meno ya rangi ya machungwa.

Aliyeniambia hayo ni mzee mmoja anayetega fuko, wa mtaa wa juu kidogo. Watoto wote wanamwita Babu. Nilimfuata mwenyewe Jumapili baada ya ibada, baada ya kupata ahirisho la siku mbili kutoka kwa baba mdogo. Alikuja na panga, waya wa breki ya baiskeli, na fito tatu. Hakuuliza vichuguu ni vingapi. Alivigusa kwa vidole akitafuta chenye udongo mbichi zaidi, akachoma ardhi na kijiti mpaka kijiti kikazama ghafla, akachimba pale. Handaki likafunguka, safi kama bomba la maji. Akaliacha wazi akaomba chai.

"Fuko hapendi upepo nyumbani kwake," alisema. "Akiusikia anakuja kuziba. Hapo ndipo unamjua kama yupo."

Tulikunywa chai. Tuliporudi lilikuwa limezibwa. Akafungua tena, akaweka kitanzi cha waya ndani, akakifunga kwenye fito aliyoisimika na kuipinda kama upinde, na kijiti kidogo cha kufyatulia mbele ya kitanzi. Fuko akija anasukuma udongo wa kuziba, udongo unasukuma kijiti, fito inafyatuka, kitanzi kinakaza. Basi. Hakuna chambo, hakuna harufu, hakuna kitu cha mtoto kuokota. Alipomaliza akaomba tenga, akalifunika pale kwenye mtego, akaweka jiwe zito juu.

"La nini, Babu?"

"Si mna mtoto?"

Tangu kopo lile liingie uani, yeye ndiye mtu wa kwanza kumtaja mtoto bila kukumbushwa.

Alfajiri fuko alikuwa amekamatwa. Mmoja. Babu akabomoa lile handaki kwa panga na kulishindilia kwa miguu, maana handaki zuri likibaki wazi fuko mwingine atahamia bila kodi. Tukamlipa shilingi elfu saba. Kopo la vidonge lilikuwa limegharimu zaidi.

Nisije nikasemwa kwamba nimempamba Babu. Mtego unaua, na ukitegwa vibaya unatesa. Unahitaji kukaguliwa, na kuna siku fuko anakuja na udongo mwingi anaufyatua bila kunaswa. Kuna wiki itabidi urudie mara tatu. Lakini kosa la mtego ni kwamba umemkosa fuko. Ukikosea na vidonge hukosi fuko tu.

Kwa hiyo swali langu kwa wasomi wenzangu ni hili: kwa nini Babu hana kazi? Anasema zamani kila wiki alikuwa na nyumba za kutega, sasa wanaomwita ni wazee wenzake. Sisi wenye nyumba za matofali na ua wa chuma tunaona aibu kumwingiza mzee mwenye panga na fito kwenye uani wetu, tunaona ni ushamba. Kopo lenye maandishi ya Kiingereza linatupa hisia kwamba tumeendelea. Hatulisomi, tunaliamini. Huku ni kuiheshimu sayansi kwa macho tu, kama mtu anayevaa miwani isiyo na vioo.

Na sayansi yenyewe iko upande wa Babu. Chuo Kikuu cha California, ambacho huwashauri wakulima na wenye bustani kuhusu gopher, kinautaja mtego kuwa njia salama na yenye matokeo. Vile vijiti vya sola vinavyotoa mlio ardhini, ambavyo siku hizi naona vinatangazwa mpaka huku kwetu, kinasema havisaidii. Nasi hatuhitaji kwenda California. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna wataalamu wa panya wanaojulikana dunia nzima. Palepale ndipo panyabuku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kugundua mabomu Kambodia. Nchi inayomfundisha panya kuokoa maisha inashindwa kuwafundisha watu wake kutoweka gesi ya ghala chini ya dirisha!

Mengine nayataja kwa haraka kwa sababu najua mtaniuliza. Utupa: Mama aliupanda mstari mzima kuzunguka tuta, fuko akapita katikati yake. Petroli na mafuta ya taa shimoni: unachafua udongo unaokula, na petroli inaweza kukuunguza wewe kabla ya fuko. Vipande vya chupa: fuko anachimba njia nyingine, na miaka mitano baadaye vinamkata anayelima. Ukitaka kinga ya kweli kwa eneo dogo, panda mboga kwenye gunia lililosimama juu ya wavu wa waya wenye matundu madogo, au chimbia wavu huohuo kuzunguka tuta kwa kina cha kama nusu mita au zaidi. Ni kazi ya siku moja na jasho, lakini ukishaifanya imekaa.

Na bundi msimfukuze. Najua, bibi zetu walisema mengi juu ya bundi. Anakula panya, na fuko anayethubutu kutokeza usiku pia. Ukiweka ile sumu ya kuzuia damu kuganda, panya anakufa polepole akiyumbayumba nje, bundi au paka wako anamla, na sumu inaendelea na safari.

Likizo ilipokaribia kuisha nilimwomba baba mdogo lile kopo. Akakataa, akasema limemgharimu. Nikamlipa fedha yake yote, akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, akanipa. Halikuwa limefunguliwa, nashukuru. Jumatatu asubuhi, kabla ya basi la Dar, nikalipeleka kwenye duka la pembejeo alikolinunua. Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu, mchangamfu. Nikamwambia nataka kulirudisha, sidai fedha, namwomba tu asimwuzie mtu anayetaka kuliweka uani kwake.

Akaligeuza kopo mkononi.

"Halikufanya kazi, kaka? Fuko wa huku sugu. Chukua lile kubwa."